Kwenda Civita di Bagnoregio kutoka Roma pamoja na mama: naomba ushauri wenu

BintiWaLushoto aliuliza:

Ndugu zangu, habari za leo. Mwanzoni mwa Juni nitafuatana na mama yangu katika hija ya parokia yetu kwenda Roma, na ratiba ya kikundi ikishamalizika tutabaki na siku chache za kwetu wenyewe kabla ya kurudi nyumbani. Mama aliwahi kuona picha ya kimji cha kale kilichokaa juu ya mwamba, kikiwa kimezungukwa na mabonde pande zote, na njia ya kukifikia ni daraja jembamba la waendao kwa miguu. Jina lake ni Civita di Bagnoregio. Tangu alipoiona picha hiyo, habari za maduka ya Roma zimekwisha kabisa, na paroko naye alipomwambia kwamba huko ndiko alikotoka Mtakatifu Bonaventura, basi mimi sikubakiwa na neno la kupinga.

Hata hivyo nina wasiwasi. Mama ana umri wa miaka 67, magoti yanamsumbua na hutembea kwa bakora, ingawa akipewa nafasi ya kupumzika huenda mbali kuliko watu wanavyomdhania. Hatutakodi gari, kwa hiyo tutategemea treni na basi. Nimesikia pia kwamba mgeni hulipa kiingilio, jambo lililonishangaza, kwa sababu sikujua kwamba mtu anaweza kutozwa pesa ili aingie katika mji ambao watu wanaishi. Zaidi ya hayo, wapo wanaosema kwamba mji wenyewe unaweza kuuzunguka kwa nusu saa na kwamba hakuna cha kufanya isipokuwa kupiga picha. Nawaomba wenye kuufahamu waniambie kama safari hii inamfaa mtu kama mama, na kama inafaa, twende vipi na tuangalie nini.

MkaziWaViterbo alijibu:

Dada, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Ninaishi katika mkoa huohuo wa Viterbo, na kila nikipata wageni kutoka nyumbani huomba kupelekwa Civita, kwa hiyo nitakueleza kama ninavyowaeleza wao.

Kutoka Roma ni kama kilomita 120 kuelekea kaskazini. Asiye na gari hupanda treni katika kituo cha Roma Termini mpaka Orvieto, safari ambayo kwa treni za kawaida huchukua saa moja na zaidi kidogo, kisha huchukua basi la kampuni ya Cotral kwenda Bagnoregio. Zingatia kwamba Bagnoregio ni mji wa kawaida wenye shule, maduka na magari, na Civita ni kile kitongoji chake cha kale kilichojitenga ng'ambo ya bonde. Basi haliendi Civita. Litakushusha Bagnoregio, na kutoka hapo utatembea katika barabara kuu ya mji mpaka mahali daraja linapoanzia, au utapanda basi dogo linalopeleka wageni karibu na hapo. Kwa ajili ya mama ningechagua basi dogo bila kufikiri mara mbili, maana nguvu zake azitunze kwa ajili ya daraja.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba mabasi ya Orvieto na Bagnoregio ni machache, na siku za Jumapili na sikukuu hayapo. Kwa kuwa mnakuja mwanzoni mwa Juni, kumbukeni kwamba tarehe 2 Juni ni Sikukuu ya Jamhuri katika nchi nzima ya Italia: mabasi yatakosekana na wenye magari watajazana. Chagueni siku ya katikati ya wiki, na kabla ya kuondoka Orvieto hakikisheni mmeandika saa ya basi la mwisho la kurudi, kwa sababu teksi ya kutoka Bagnoregio si kitu cha kusimamisha njiani.

Sasa daraja. Lina urefu wa mita 300 hivi, ni la zege, lilijengwa mwaka 1965, na lina kingo imara pande zote mbili. Hakuna ngazi. Mwanzo wake ni rahisi, lakini kadiri unavyokaribia lango la mji ndivyo linavyozidi kuinuka, na sehemu ya mwisho ni mwinuko mkali hasa, wa kumfanya hata kijana aliyezoea milima ya kwenu Usambara ashushe pumzi. Jua la Juni linapiga moja kwa moja na hakuna mti wala paa. Nimewaona wazee wakivuka na kufika salama, lakini wote walikuwa wameanza mapema na walikwenda polepole. Anayeogopa kuangalia chini atembee katikati. Magari ya wageni hayaruhusiwi. Wakazi na wenye biashara ndio hupitisha pikipiki na vigari vidogo vya mizigo, kwa hiyo msishangae kusikia honi nyuma yenu.

Mama akifika kwenye daraja akaona hawezi, msihuzunike. Upande wa Bagnoregio kuna uwanja wa kutazamia bonde, ambao Waitaliano huuita belvedere, na kutoka pale mji wote huonekana mbele yako pamoja na mabonde yake. Hapo hulipi kitu.

MhandisiMstaafu alijibu:

Niongeze upande ambao kwangu ndio kiini cha mahali hapa, kwani anayekwenda Civita bila kujua kilicho chini ya miguu yake huona nyumba nzuri za mawe tu.

Mji ule umejengwa juu ya bamba la tufu, yaani jiwe linalotokana na majivu na vitu vingine vilivyotemwa na volkano za kale za eneo la ziwa Bolsena. Tufu ni jiwe jepesi kulichonga, linasimama wima kama ukuta, na kwa sababu hiyo Waetruski, watu waliotawala eneo hilo kabla ya Warumi, walipendelea kuweka miji yao juu yake zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Chini ya tufu, hata hivyo, kuna matabaka ya udongo wa mfinyanzi uliowekwa na bahari zama ambazo eneo lote lilikuwa chini ya maji. Mvua ikinyesha, udongo ule hulainika na kumomonyoka, na vijito viwili vinavyopita kila upande wa kilima, Rio Chiaro na Rio Torbido, huubeba kidogokidogo. Hebu fikiria kabati zito lililowekwa juu ya godoro lililolowa maji. Ukingo wa tufu ukishakosa cha kuushikilia hupasuka kwa nyufa za wima, kisha pande kubwa la jiwe hujitenga na kuporomoka bondeni pamoja na chochote kilichojengwa juu yake.

Hayo si mambo ya kale tu. Ndiyo yaliyoufanya mji uwe mdogo. Zamani Civita ilikuwa kubwa kuliko unavyoiona leo, na ilikuwa imeungana na Bagnoregio kwa shingo ya ardhi ambayo imeliwa na mmomonyoko mpaka ikawa lazima kujenga daraja. Mwaka 1695 tetemeko la ardhi liliuharibu mji vibaya, na baada ya hapo askofu na viongozi wa serikali ya mji walihamia Bagnoregio. Wananchi nao waliendelea kuondoka, familia moja baada ya nyingine. Mwandishi Bonaventura Tecchi, aliyekuwa mzaliwa wa Bagnoregio, aliuita mji unaokufa, na jina hilo limeushika mpaka leo. Mwaka 2006 shirika la World Monuments Fund liliuweka katika orodha yake ya maeneo 100 yaliyo hatarini zaidi duniani.

Kwa hiyo mkifika, msikose jumba la makumbusho ya jiolojia na maporomoko, lililofunguliwa mwaka 2012 ndani ya jengo la kale liitwalo Palazzo Alemanni, karibu na uwanja wa kati. Ni dogo. Linaeleza namna mafundi wanavyojaribu kuufunga mwamba kwa vyuma na kuyaongoza maji ya mvua. Mimi binafsi nilikaa humo muda mrefu kuliko nilivyokaa mahali pengine popote mjini, ingawa mke wangu ana maoni tofauti kuhusu matumizi hayo ya muda.

Tumbiri_wa_Mombasa alijibu:

Mimi nitasema ambayo wengine hawapendi kuyasema. Nilikwenda Civita mchana wa Jumamosi, na kilichokuwepo pale ni msururu wa watu darajani, kila mmoja akimsubiri mwenzake apigwe picha, na ndani ya lango ni migahawa, vyumba vya kulala wageni na maduka ya vitu vya kumbukumbu. Wakazi wa kudumu ni kumi na kitu tu. Nyumba nyingi ni za watu wenye uwezo wanaokuja majira ya joto na kuondoka. Sioni kwa nini mtu atoke Tanzania, tena na mzazi mwenye maumivu ya magoti, akalipe euro 5 kuingia katika jukwaa la maonyesho lisilo na wenyeji.

Ushauri wangu ni kwamba mkishafika Orvieto, bakini Orvieto. Nao ni mji wa juu ya mwamba wa tufu, nao una asili ya Kietruski, lakini una watu, soko na huduma. Kutoka kituo cha treni mnapandishwa kilimani kwa kigari kinachovutwa na kamba ya chuma, kwa hiyo mama hatapanda mlima wowote. Kanisa kuu lake lilianza kujengwa mwaka 1290, na ndani yake, katika kikanisa cha San Brizio, kuna michoro ya Luca Signorelli ya siku za mwisho za dunia, michoro ambayo mtu haisahau. Katika kanisa kuu hilohilo pia hutunzwa kitambaa cha altare kinachohusishwa na muujiza wa Ekaristi wa Bolsena wa mwaka 1263, na kwa mahujaji nadhani hilo peke yake linatosha. Kuna kisima cha San Patrizio chenye kina cha zaidi ya mita 50 na ngazi mbili zinazozunguka bila kukutana, moja ya kushukia na nyingine ya kupandia, ili punda waliobeba maji wasigongane. Hicho mama asishuke, kina ngazi 248 kila upande, lakini wewe unaweza.

MkaziWaViterbo alijibu:

Ndugu yangu wa Mombasa, kuhusu Jumamosi mchana sitakubishia. Mtu akiniambia ameuona mji huo saa sita za mchana mwishoni mwa wiki, mimi humpa pole. Kuhusu kiingilio naona unawaonea wenyewe. Kilianzishwa mwaka 2013 kikiwa euro moja na nusu, kisha kikapanda hatua kwa hatua mpaka kufikia hizo 5, na hukatwa kabla ya kuvuka daraja. Manispaa ya Bagnoregio ni ndogo. Kabla ya hapo ilikuwa na mwamba unaobomoka, daraja la kutunza na bajeti isiyoweza kubeba mzigo huo. Mapato ya tiketi yaliiwezesha kugharimia huduma na hata kuwaondolea wakazi baadhi ya kodi za manispaa. Vijana ambao wangehamia Roma walipata kazi katika migahawa na nyumba za wageni. Waweza kusema kwamba huo si mji kama ulivyokuwa, na ni kweli, lakini mji usio na pesa ya kuzuia maporomoko ungekwisha kabisa, na wewe usingepata pa kulalamikia.

Tena anayesema hakuna cha kuangalia, nadhani alitoka mgahawani akarudi darajani. Lango lenyewe, Porta Santa Maria, lilianza kama njia iliyochongwa na Waetruski ndani ya mwamba na kuongezewa tao katika Zama za Kati. Juu yake kuna simba wawili wa mawe, kila mmoja akiwa ameshika kichwa cha mtu kwa makucha yake, kumbukumbu ya wananchi walivyowaasi na kuwafukuza akina Monaldeschi, ukoo wa mabwana wa Orvieto uliokuwa ukiwakandamiza. Ukishapita lango, upande mmoja wa uwanja mdogo utaona ukuta wa mbele wa jumba la fahari wenye madirisha yake, na ukichungulia katika dirisha hutaona chumba, utaona anga tupu. Sehemu nyingine yote ya jumba imekwenda bondeni. Yule mhandisi ameeleza sababu; pale unaiona kwa macho yako.

Endelea mpaka mwisho wa barabara, upande wa pili wa mji, ambako wageni wengi hawafiki. Kuna njia inayoshuka kwenye kikanisa cha Madonna del Carcere, kilichochimbwa ndani ya mwamba na kinachosemekana kuwa kaburi la Kietruski hapo awali. Njia hiyo ina mteremko, kwa hiyo mama anaweza kukaa juu akitazama bonde wakati wewe unashuka na kupanda. Ni mahali pa kimya hata siku yenye watu wengi.

Katekista_Songea alijibu:

Naomba nizungumzie lile lililomvuta mama, kwa kuwa naona limesahaulika.

Mtakatifu Bonaventura alizaliwa Civita di Bagnoregio yapata mwaka 1217 (wengine huandika 1221), na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Giovanni di Fidanza. Mapokeo yanasema kwamba alipokuwa mtoto aliugua sana, mama yake akamwekea nadhiri kwa Mtakatifu Fransisko wa Assisi, naye akapona. Bonaventura mwenyewe aliandika kwamba aliokolewa na kifo utotoni kwa maombezi ya Fransisko. Alisoma na kufundisha Paris, mwaka 1257 akawa mkuu wa shirika lote la Wafransisko, mwaka 1273 akafanywa kardinali, na mwaka 1274 akafariki Lyon wakati Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukiendelea huko. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1482 na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1588.

Mama asitegemee kuiona nyumba aliyozaliwa. Ilikuwa Civita, ukingoni mwa mwamba, na imeporomoka siku nyingi. Mahali pake pameonyeshwa kwa kibao tu. Anachoweza kukiona ni masalia ya mkono wake, yanayotunzwa katika kanisa kuu la San Nicola, ambalo liko Bagnoregio na wala si Civita. Nawasihi mpite hapo kabla ya kwenda darajani, kwa sababu ni barabara ileile, na mkisema mtapita wakati wa kurudi mtakuta mmechoka au kanisa limefungwa kwa mapumziko ya mchana.

Civita yenyewe ina kanisa la San Donato, lililokuwa kanisa la askofu kabla ya tetemeko la 1695. Limesimama katikati ya uwanja usiosakafiwa, na mbele yake kuna vipande vya nguzo za kale ambavyo watu huvigeuza viti. Ndani kuna msalaba wa mbao wa karne ya 15 unaoheshimiwa sana. Kila Ijumaa Kuu hushushwa na kupelekwa kwa maandamano mpaka Bagnoregio, na wenyeji husimulia kwamba usiporudishwa Civita kabla ya saa sita za usiku utabaki Bagnoregio daima. Nimependa kwamba kitongoji chenye wakazi wachache namna hiyo bado kinaulinda msalaba wake dhidi ya jirani mkubwa.

BintiWaLushoto aliandika:

Nawashukuru nyote, pamoja na ndugu wa Mombasa, ambaye amenisaidia kuliko anavyodhani, kwa sababu sasa najua siku ya kuepuka. Nimemsomea mama majibu yote, naye ameamua kwamba atavuka, na kwamba kaburi la Kietruski ni langu peke yangu.

Nimebakiwa na swali moja. Kama Orvieto nayo ina mambo hayo yote, na mabasi ni machache, je, haingefaa tulale huko? Na tukilala, tulale Orvieto au Civita kwenyewe? Nimesoma pia kwamba kuna mashindano ya punda mwanzoni mwa Juni, nikajiuliza kama tuyafuate.

MkaziWaViterbo alijibu:

Mashindano hayo huitwa La Tonna, na hufanyika katika uwanja wa San Donato Jumapili ya kwanza ya Juni na tena Septemba. Wapanda punda huzunguka uwanja huku watu wakishangilia kwa sauti kubwa, na mtu wa Lamu akifika siku hiyo atadhani amerudi kwao. Lakini ni Jumapili, hakuna mabasi, na daraja linafurika. Kwa mama siishauri.

Kuhusu kulala, wapenzi wa picha watakuambia ulale Civita, na kweli alasiri wageni wakishaondoka mji hubadilika, unasikia viatu vyako kwenye mawe na paka wanarudi barabarani. Ila aliyelala Civita huvuka daraja na mizigo yake mkononi, na chakula na vyumba ni ghali. Laleni Orvieto. Siku ya kwanza mfike na treni, mpande na kigari, mwende katika kanisa kuu mama akiwa na muda wake wote. Siku ya pili mchukue basi la asubuhi kabisa, mshuke Bagnoregio, mwingie San Nicola, halafu basi dogo, halafu daraja kabla jua halijapanda. Kaeni Civita mpaka chakula cha mchana. Bruschetta, yaani mkate uliochomwa na kumiminiwa mafuta ya zeituni ya huko, humtosha mtu asiyetaka kutumia pesa nyingi. Saa za makundi makubwa kuingia ndiyo saa zenu za kutoka, na kurudi darajani ni kushuka, ingawa kwa mwenye magoti mabovu kushuka nako kunataka bakora na mkono wa mtu wa kumshika.

Tumbiri_wa_Mombasa alijibu:

Kwa ratiba hiyo nami sina pingamizi. Nyongeza yangu ni ndogo: tiketi za basi nunueni Orvieto kabla ya kupanda, za kwenda na za kurudi kwa pamoja, katika duka la tumbaku au la magazeti, na mkishaingia ndani zigongesheni muhuri kwenye mashine, maana mkaguzi akikuta tiketi isiyo na muhuri huihesabu kama hamkulipa. Na maji ya kunywa yabebeni kutoka Orvieto.